Dodoso la Nyumba Nisiyoingia

Mnaniita mstaafu mnaponipita njiani na simu zenu za utafiti, halafu mnacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na tatu tu. Chekeni. Kujaza dodoso kwa kalamu kumekwisha, na mimi nimekaa pembeni. Lakini juzi Tumpe, mke mpya wa jirani yangu hapa Ndandalo, Kyela, aliyeanza kazi hiyo mwezi uliopita, alikuja jikoni kwangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Sekela, wewe ulifanyaje ulipopangiwa nyumba usiyoweza kuingia?"

Nilijifanya naangalia moto. Maneno ya mdomo hunikwama, na swali lile lilinirudishia hofu ambayo nilidhani nimeshaisahau. Nikamwambia nitamwandikia. Basi hii ni yake, na yenu wote mnaozunguka.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimeolewa karibuni. Kwetu ni ufukweni mwa ziwa, kwa wafinyanzi, na nilikuja huku na mtungi mkubwa alioufinyanga mama yangu. Ulipokelewa nyumba kubwa, kwa wakwe, na sikuuona tena. Shule niliishia darasa la saba. Naandika polepole, lakini mwandiko wangu unasomeka, na huo ndio ulionipa kazi. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuja kufanya utafiti wa mwaka wa mwisho walitaka mtu anayejua Kinyakyusa, anayejua njia za mashambani, na anayeandika herufi zinazoonekana. Bila utafiti ule hawapati shahada. Hata wawe wamefaulu mitihani yote, msimamizi asipoipitisha ripoti, jina halitoki kwenye orodha ya wahitimu. Mimi sikulijua hilo kwa miaka mingi. Nilidhani tunajaza makaratasi tu, yale ambayo hayaishi.

Aliyenifundisha alikuwa bwana shamba mstaafu, Mzee Asajile. Yeye ndiye aliyeniambia nisisome neno "kaya" kama lilivyoandikwa. "Ukimuuliza mama kaya yake ina watu wangapi, atakuhesabia mpaka waliohamia Tunduma. Muulize leo jioni wangapi watakula chungu kimoja." Alinifundisha pia kwamba watu wetu hawapendi kumwaibisha mgeni. Ukiuliza, "Unatumia mbolea?" utaambiwa ndiyo. Uliza mfuko uliobaki umewekwa wapi, hapo ndipo utaona mtu anakuna kichwa.

Kuhusu penseli nilijifunza mwenyewe. Nilikwenda kijiji cha Ngana na kalamu ya wino, mvua ikanikuta katikati ya mashamba, nikarudi na karatasi za madodoso kumi na moja, zote za bluu, hakuna herufi. Mwanafunzi wa mwaka ule alizigeuza, akazigeuza tena, akaniuliza, "Dada, hii ni ramani ya ziwa?" Tangu siku hiyo penseli ilikaa kwenye nywele zangu na karatasi zilikaa ndani ya mfuko wa chumvi.

Lakini neno kubwa la Mzee Asajile lilikuwa moja. "Ukikosa mtu, andika umekosa mtu. Nafasi tupu hainisumbui. Inayonisumbua ni iliyojaa vizuri mno." Nililisikia. Nililikubali kwa kichwa, kama tunavyokubali mambo kanisani.

Zuhura alikuja miaka mitano iliyopita, mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali. Binti wa Tanga, mwembamba, anaongea haraka, na tope la kwetu lilimvua kiatu siku ya kwanza. Utafiti wake ulikuwa juu ya mbegu za mpunga: watu wanazihifadhi wapi, na kwa nini kwa wengine zinaota na kwa wengine zinaoza. Alipewa orodha ya kaya na mtendaji wa kijiji, akachukua kila nyumba ya tano. "Hatuchagui, dada," alinieleza. "Tukianza kuchagua, utafiti umekufa." Tukagawana. Yeye akaenda Ngana, mimi nikabaki hapa Ndandalo.

Jioni niliisoma orodha yangu kwa kidole. Namba kumi na saba alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa asiye wa huku nieleze kidogo. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba wa mumewe. Haingii nyumbani kwake, hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake. Akimwona anakuja njiani, anajificha kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, na nyinyi vijana mnaliona jambo la kuchekesha. Lakini kwa familia ya mume wangu Lusajo halijaachwa. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, na Jumapili mimi na yeye tunatokea milango tofauti. Nyumba yake na yangu zimetengwa na migomba tu. Chakula nilikuwa napeleka mlango wa nyuma, mama mkwe anapokea, narudi. Ndani sikuwahi kukanyaga.

Jambo la kufanya lilikuwa jepesi. Kumpigia Zuhura, kumwambia: ile ni nyumba ya mkwe wangu, njoo uiulize mwenyewe. Nilishika simu mara tatu. Niliogopa ataniona mshamba. Niliogopa atampa mtu mwingine kazi. Nikakaa jikoni nikajaza mwenyewe. Nilijiambia sidanganyi, maana mpunga wa mzee napeta mimi, wali wake napika mimi, nisijue nini? Nikaandika magunia kumi na mbili. Nikaandika mbegu anahifadhi kwenye gunia, juu ya dari. Nikaandika haziozi. Sijawahi kujaza dodoso haraka namna ile.

Mwishoni palikuwa na mahali pa jina na sahihi ya kukubali kuhojiwa. Hapo mkono ukakataa. Jina la mkwe silitamki, na kuliandika niliona ni kulitamka kwa mkono. Nikaandika "Baba Lusajo." Kwenye sahihi nikaandika tena "Baba Lusajo," kwa mwandiko wangu uleule unaosomeka. Sikukumbuka kwamba orodha ya mtendaji ilikuwa na jina lake kamili.

Mwezi wa sita nilikuwa naanika mpunga uani, Zuhura akapiga simu.

"Dada Sekela, msimamizi wangu amekamata dodoso namba kumi na saba. Jina halilingani na la kwenye orodha. Amepiga namba iliyoandikwa pale, amepokea mama mmoja, anasema hakuna mtu aliyekuja kuwauliza kitu."

Namba ile ilikuwa ya mama mkwe. Niliiandika kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

"Dada? Si ulikwenda?"

"Nilikwenda," nikasema.

"Alhamdulillah." Nilisikia pumzi ikimtoka. "Basi huyo mama amesahau. Maana msimamizi anasema dodoso moja likiwa la uongo, yote themanini yanatiliwa shaka. Ripoti ameiweka pembeni. Orodha ya wahitimu inafungwa baada ya wiki mbili. Nisipoeleza, sivai joho na wenzangu, narudia mwaka. Na mama yangu ameshashona nguo ya mahafali, dada."

Alipokata simu niliendelea kugeuza mpunga uliokwisha kugeuzwa. Nimewahi kuogopa mamba kwetu ziwani, lakini mamba ukitoka majini umemwacha. Hofu hii niliamka nayo na nikapika nayo. Kila nilipopeleka chakula nilisikia baba mkwe akikohoa upande wa mbele, na kila kikohozi nilidhani ni mwanzo wa neno. Siku ya tatu mama mkwe akapokea sufuria, akanishika mkono.

"Kuna mtu alipiga, anauliza kama tumehojiwa. Wewe unayezunguka na makaratasi, unamjua?"

"Simjui, mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, tukiacha ule wa dodoso. Nilishaanza kuhesabu.

Siku ya tano bodaboda ikasimama njiani, akashuka Zuhura. Alikuwa amesafiri mpaka Mbeya, akalala, akashika basi la Kyela alfajiri. Macho yalikuwa mekundu lakini alinikumbatia. Alikuwa hanishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Twende wote, dada. Huyo mama akikuona sura atakumbuka."

Tukaenda. Tulipofika katikati ya migomba miguu yangu ikasimama yenyewe.

"Mbona umesimama? Kuna mbwa?"

"Hakuna mbwa."

"Kuna nini basi?"

"Ni kwa mkwe wangu. Mimi pale siingii."

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kwa hiyo ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

Alikaa juu ya mgomba ulioanguka, na sketi yake safi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Nilikuuliza kwenye simu," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ulikwenda."

"Nilisema."

"Ungeniambia mwezi wa tatu, ningekucheka kidogo, ningekuja kuuliza mwenyewe, basi. Dada Sekela, kidogo tu ningekucheka!" Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akanyanyuka, akaenda peke yake.

Nilibaki kwenye migomba, nikasikia yote. Alisalimia, akakaribishwa, akaeleza bila kuficha kitu. Kisha sauti ya baba mkwe, nzito, haina haraka.

"Mke wa Lusajo ameniandikia majibu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sahihi?"

"Na sahihi."

"Nisomee."

Zuhura akasoma dodoso zima, kuanzia magunia mpaka "Baba Lusajo." Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo mzee uliyemsoma simjui," akasema.

"Nakuomba, mzee, nikuulize upya mimi mwenyewe. Nina siku tisa tu."

"Wewe hukuchukua maneno yangu, binti. Aliyeyachukua ndiye aulize. Asipouliza, mimi sijibu."

Mama mkwe akaingilia. "Atakuulizaje? Unataka mtoto wa watu avunje mwiko?"

"Nyumba ina nyuma," akasema baba mkwe.

Mama mkwe alikuja kunitoa kwenye migomba kama anavyotoa kuku. "Wewe! Njoo. Ulikuwa na mdomo wa kuniambia humjui, njoo nao." Akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, uso kwenye migomba. Baba mkwe alikaa barazani mbele, Zuhura pembeni yake. Mama mkwe akaweka kiti chake katikati ya nyumba, mahali ambapo milango miwili inatazamana, ili aupokee mdomo wangu na kuupeleka kwa mzee. Dodoso jipya lilikuwa magotini kwangu. Nimeuliza maswali yale kwenye nyumba nyingi mno, lakini siku ile swali la kwanza lilikataa kutoka.

"Uliza," akasema mama mkwe. "Mpunga wako uko juani na mawingu yanakuja."

Nikauliza kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi. Mama mkwe akarudia kwa nguvu, kana kwamba mumewe anaishi ng'ambo ya mto. Nyumba yenyewe ni ya hatua kumi. Mzee alikuwa ananisikia vizuri, lakini alisubiri kila swali lipite kwa mkewe.

"Anauliza ulivuna magunia mangapi. Na usimdanganye, nilihesabu."

"Tisa."

"Aliandika kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni ya mwaka juzi. Mwambie anapeta bila kuhesabu."

Niliandika tisa. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye karatasi na nilimshukuru Mungu kwa penseli. Tukaenda hivyo, swali kwa swali, mpaka lile ambalo Zuhura alikuja nalo kutoka mbali: mbegu unahifadhi wapi?

Mama mkwe hakulirudia. Nilimsikia anacheka puani.

"Mwambie kwenye mtungi," akasema mzee.

Dodoso lilitaka aina ya chombo, kwa hiyo nikauliza, "Mtungi gani?"

"Anauliza mtungi gani."

"Mtungi wake. Ule aliokuja nao kutoka kwao."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikauliza tena. Mama mkwe akajibu mwenyewe bila kumsubiri mumewe: "Wa mama yako, wewe! Uko chumbani kwetu tangu siku ile."

Miaka sita nilidhani mtungi ule umevunjika, au nguruwe wanalishiwa ndani yake. Mzee akaendelea kueleza, majivu chini, mbegu juu yake, jani la mgomba, kisha mdomo unazibwa kwa udongo. Kabla ya mtungi alikuwa anaweka kwenye gunia darini na nusu ya mbegu ilikuwa inaoza. Tangu mtungi uje, haijaoza hata punje. Haya yote sikuyajua, mimi niliyejidai naijua nyumba kwa sababu naujua wali wake. Nilikuwa naandika polepole, nikaogopa namchelewesha, nikaanza kukimbiza herufi. Sauti ikatoka mbele: "Mwambie asiharakishe."

Tulipomaliza, Zuhura akampigia msimamizi wake palepale, akafungua sauti ya simu wote tusikie.

"Shikamoo mzee. Leo umehojiwa?"

"Marahaba. Nimehojiwa."

"Aliyekuhoji umemwona?"

"Sikumwona."

Penseli ikaniponyoka. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba Zuhura aliziba mdomo kwa mikono miwili. Tulikuwa tumemwomba ukweli mzee wa kanisa, na huo ndio aliokuwa nao.

"Hukumwona?" sauti ya simu ikawa ngumu.

"Sijamtazama hata siku moja tangu aolewe hapa. Ni mke wa mwanangu. Yeye yuko nyuma ya nyumba, mke wangu yuko katikati, mimi niko mbele. Anaogopa mpaka namsikia anavyopumua. Lakini maswali ameuliza yote, na moja ameliuliza mara mbili."

Nilisikia msimamizi akigeuza karatasi.

"Na lile dodoso la kwanza, mzee?"

"Lile si langu. Lichaneni."

"Hatuchani. Tunaliambatanisha." Kisha akamwambia Zuhura kwamba aliyejaza aandike maelezo kwa mkono wake mwenyewe, ni nini alifanya na kwa nini, pamoja na jina kamili la mwenye nyumba. Yakieleweka, ripoti itapita. Yasipoeleweka, atashindwa kumsaidia.

Nilianza kuandika saa nane mchana. Ukurasa mmoja. Zuhura alikaa mbele yangu jikoni, mguu unacheza, basi la mwisho la Mbeya halimsubiri mtu. Niliandika niliogopa kuchekwa. Niliandika nilisema nilikwenda na sikwenda. Nikafika mahali pa jina, nikakwama.

Zuhura akaona. "Nipe, nikuandikie mimi hapo tu."

Nilikaribia kumpa. Karatasi ilikuwa imeshaondoka kwenye goti langu. Halafu nikaona ni dodoso lilelile linarudi, mkono wa mtu mwingine mahali pa mkono wangu. Nikaivuta, nikaenda mlango wa nyuma, nikamwomba mama mkwe aniulizie.

"Anauliza kama anaweza kuliandika jina lako."

Mzee alifikiri. Nilihesabu vikohozi viwili.

"Mwambie kuandika si kutamka. Na aliandike lote, asilikate."

Yalikuwa majina matatu. Nikayaandika moja moja, kwa mwandiko unaosomeka. "Ndaga fijo," nikasema mlangoni, asante sana, na kwa mara ya kwanza sikungoja mama mkwe apeleke.

Zuhura alipanda bodaboda bila kunikumbatia. Siku ya nane tangu aondoke ujumbe ukaingia: jina limetoka. Mwezi wa kumi na mbili akatuma picha, amevaa joho, mama yake pembeni na nguo ile ya mahafali. Chini aliandika, "Msalimie babu wa mtungi." Barua yangu imebandikwa mwisho wa ripoti yake, chuoni, na jina la baba mkwe limo kwa mkono wangu. Mpaka leo sijalitamka.

Sitawadanganya kwamba hofu iliisha. Kabla ya Zuhura kulikuwa na wengine, na kulikuwa na siku za mvua ambazo nilikuta mlango umefungwa, nikajaza jibu moja au mawili kwa kukisia. Wale walivaa joho. Hakuna aliyepiga kuuliza. Simu ikilia mchana na namba siijui, bado mkono wangu huwa mzito.

Tumpe, simu yako ya utafiti itaonyesha kwamba umefika kwenye nyumba. Haitaonyesha kama ulijificha kwenye migomba. Njoo kesho asubuhi kabla hujabonyeza jibu hata moja. Tutampigia mwanafunzi wako. Simu nitaishika mimi, lakini utaongea wewe, maana mimi sauti inaweza isitoke.